Mzee Kitwana Azuia Mdahalo

Uchaguzi ulikuwa umewapandisha watu mori, ndipo Mzee Kitwana, mwenyekiti wa kamati ya shule, alipovamia darasa. "Hakuna kujadili siasa hapa! Mtagombana!"

"Tumekoma, mzee," alijibu Tunu, kiranja wa mdahalo, akijitia unyonge. "Ila wenzangu wabishi. Simama hapa mbele uwape sababu."

Mzee akazitoa. Msichana mmoja akauliza, "Tusipozoea kusikilizana hapa, tutazoea wapi?"

"Swali zuri, binti," alisema, akajibu. Wakauliza wengine, akawajibu kwa upole, jasho likimtoka, mpaka Tunu akagonga kengele.

"Muda umekwisha! Tumpigie makofi msemaji wa upande wa kupinga. Mada ya leo: Siasa zijadiliwe shuleni."

Mzee aligeuka, akaiona mada ubaoni, nyuma ya mgongo wake. Darasa likaangua kicheko.

"Haya," Mzee akamnong'oneza Tunu, "nimeshinda?"