Sange, Kiboko na Mashine Tatu za Ngurumo

Paukwa!
Pakawa!
Nyumbani kwa Sange palikuwa na nini?
Vumbi!
Kiasi gani?
La kupigia chafya!
Basi pigeni, nijue kama mko macho!
Chyaa!
Aa, hiyo chafya ya kuku. Tena!
CHYAAA!
Haya, afya. Pangusa pua wewe hapo mbele, tuendelee.

Hapo zamani, siyo zamani sana maana umeme ulikuwepo, aliishi Sange. Mnamjua Sange? Yule mnyama mdogo kama panya, vijiguu vyembamba, pua ndefu inachezacheza hata akilala. Sange alikuwa na wazimu wa usafi. Njia zake zote za msituni alizifagia kila asubuhi, fya fya fya, jani hili huku, kijiti hiki kule, kwa sababu Sange akikimbia hataki kujikwaa. Hata akitembelea kwa watu, kabla hajasema hodi anakufagilia mlango.

Aliishi na bibi yake, Bibi Mashavu. Mwaka huo kiangazi kilikuwa kikali, upepo ukaleta vumbi jekundu, vumbi likaingia shimoni, likakaa. Sange alifagia, likaruka. Akafagia tena, likaruka, likatua palepale. Ndipo Bibi Mashavu akashikwa na chafya.

Si chafya kama zenu. Bibi anakaa vizuri, anajifunga khanga, anavuta bakuli la uji. Chyaa! Bibi yuko nje ya shimo. Anarudi, anakaa, anajifunga khanga. Chyaa! Bibi nje. Anarudi, anakaa. Chyaa! Safari hii bibi amebaki ndani, uji ndio umetoka nje. Kula hali, kulala halali. Akakonda, akakonda, mpaka ukimtazama unaona pua na khanga.

Akaitwa Mganga Korongo. Akaja, akasimama kwa mguu mmoja, akafikiri. Akabadilisha mguu, akafikiri tena.

"Ni mawili," akasema. "Ama vumbi litoke shimoni, ama bibi atoke shimoni akaishi kwenye majimaji. La sivyo, mwezi ukiandama hatauona."

Majimaji ni kwa nani? Kwa Kiboko. Bwawa lake, matope yake, hata vyura ni wake, wakitaka kulia wanaomba ruhusa.

Kiboko alifurahi! "Aje, aje!" akasema. "Na kazi ipo. Kila asubuhi ataingia kinywani mwangu na ufagio, anisugue meno."

Bibi Mashavu akainuka. "Mimi? Nimezaa, nimelea, nimezika, leo niingie kinywani mwa mtu na ufagio? Bora chafya zangu!" Chyaa! Bibi nje.

Nyinyi mnacheka. Sange hakucheka. Sange alijiuliza: bibi akipiga chafya akiwa ndani ya kinywa kile, kinywa kitafanya nini? Kitajifunga. Kap! Akalia siku nzima, kimyakimya, huku anafagia.

Sasa sikilizeni. Pale ukingoni mwa mbuga palikuwa na hoteli ya watalii, na Sange aliwahi kuishi chini ya sakafu yake viangazi viwili. Huko ndiko alikoziona mashine za kuvuta vumbi. Si vimashine vya plastiki, hapana! Zilikuwa mashine za Ngurumo, mashine za wenye nazo, mwili wa bati zito, zinadumu mpaka mwenyewe anazichoka. Mhudumu wa hoteli alikuwa akizisukuma vuuu, vuuu, na Sange anachungulia kwenye ufa. Akajifunza kuzitambua, maana Ngurumo zote kwa mbali zinafanana, ila kila toleo lina alama zake. Akajitungia kiwimbo:

Tazama waya,
tazama uso,
tazama mkia!

Siku moja habari ikaenea: hoteli imenunua mashine mpya, na zile za zamani zitauzwa mnadani Jumamosi! Sange akaruka juu mara tatu. Akakaanga kumbikumbi kikapu kizima, akajitwika, huyoo mnadani.

Dalali alikuwa Hondohondo, mdomo mkubwa na maneno mengi. Alizipanga mashine tatu juu ya jiwe. Na dalali ni dalali: zote tatu alizipaka rangi moja ya bluu, akabandua vibati vya namba, eti zote zilingane.

"Sogeeni, sogeeni! Mtumba safi, mtumba wa hoteli! Ukichukua umechukua, hakuna kurudisha! Ukirudisha mimi nimehama!"

Lakini mnada ule ulikuwa na desturi yake, na desturi aliileta Kiboko. Kabla mtu hajagusa kitu, Kiboko huuliza:

"Mkubwa ni nani?"
"Wewe!" wanajibu wote.
"Anayetangulia ni nani?"
"Mkubwa!"
"Na mkubwa ni nini?"
"Mkubwa ni jalala!"
"Ndiyo. Jalala. Kila kitu kije kwangu."

Methali haikukusudia hivyo, lakini nani atamsahihisha mtu mwenye kinywa kile? Mnada uliopita Kiboko alichukua kitanda, na yeye analala majini. Mnada wa kabla yake alichukua miavuli minne, na yeye mvua haimsumbui. Bei anayolipa ni moja tu: hamkalii dalali.

Na siku hiyo alizitaka mashine. Za nini? Sange anazitaka! Sange akikosa mashine, Bibi Mashavu atahamia bwawani, na meno yatasuguliwa.

Ila kuna shida. Zote ni za bluu. Kiboko akazitazama, akazizunguka, tup, tup, tup, asijue kichwa wala mkia.

"We Kipua!" akaita. "Njoo hapa. Si uliishi hotelini wewe? Nitambulishie mashine hizi. Na ukinidanganya neno moja, nitakwenda kulikalia shimo lako, bibi akiwa ndani."

Sange akajiuliza: Adanganye? Bibi atakaliwa. Aseme kweli? Kiboko atachukua iliyo bora. Sange akafagia mbele ya miguu ya Kiboko, fya fya. Kisha akasema, "Mzee, leo nitasema kweli tupu. Wote hawa mashahidi."

Akakimbilia mashine ya kwanza, tiki tiki tiki.

"Tazama waya: umevikwa kitambaa, ndivyo walivyovaa waya wa kale. Tazama uso: hauna taa. Tazama mkia: uko wazi, hauna chujio. Mzee, hili ni toleo la kwanza. Huyu ndiye babu yao. Mzito kuliko wote, sauti yake inasikika ng'ambo ya bonde, na akipumua hakuna asiyejua."

Akakimbilia ya pili, tiki tiki tiki.

"Tazama waya: wa mpira. Tazama uso: una taa. Tazama mkia: uko wazi. Toleo la pili. Huyu ni baba, mtoto wa yule babu."

Akakimbilia ya tatu, tiki tiki tiki.

"Tazama waya: wa mpira. Tazama uso: una taa. Tazama mkia: una chujio limekaza, vumbi likiingia halitoki. Toleo la tatu. Huyu ni mjukuu. Mwepesi, sauti yake ndogo, na..." Hapo akamkumbuka bibi, lakini aliahidi kweli, akaisema. "Na ukiniuliza, Mzee, mjukuu ndiye bora. Mchukue mjukuu."

Jamani! Bibi anakufa nyumbani, na Sange anamshauri adui achukue mashine nzuri! Hata Hondohondo mdomo ulimdondoka.

Kiboko akaifuata ile ya tatu. Tup. Tup. Tup. Akainua mguu. Sange akafumba macho.

Pale nyuma, chura mmoja, ambaye hakuomba ruhusa, akasema, "Kwe! Mkubwa anafuata mjukuu, babu amesimama?"

"Kwe, kwe!" wakajibu wenzake. "Babu amesimama!"

Mguu wa Kiboko ukabaki hewani.

Sange akafumbua jicho moja. Akauliza kwa adabu, pua chini, "Samahani, Mzee. Kwa desturi ya mnada wetu, anayetangulia ni nani?"

"Mkubwa!" wakaitikia wote kwa mazoea.

"Na hapa mkubwa wao ni nani?"

"Babu!"

Kiboko akarudisha mguu chini. Akamtazama babu, mzito, mwenye sauti ya ng'ambo ya bonde. Akamtazama mjukuu, mwepesi, mwenye sauti ndogo. Akaona watu wanamtazama. Akavimba.

"Mnaniona mimi mtu wa kuburuta kajukuu njiani?" akanguruma. "Mimi mkubwa, namchukua mkubwa! Halafu wewe Kipua, ujanja wako nimeuona. Unanisifia kadogo ili babu akubakie wewe! Ehee! Babu wangu! Na babu hatembei bila mwanawe, baba naye wangu! Kajukuu kako hako, kachukue, kakusaidie kufagia machozi."

Akabeba babu bega hili, baba bega lile, akaondoka huku anacheka, na jana yake alikuwa amekula magugu yaliyooza, kwa hiyo kicheko chake hakikuwa kizuri kwa walio karibu.

"Hakuna kurudisha!" akapiga kelele Hondohondo, huku mdomo tayari umo kwenye kikapu cha kumbikumbi.

Sange akaivuta Ngurumo yake ya tatu kwenye njia zile alizozifagia mwenyewe, ikateleza yenyewe, sululu sululu, mpaka nyumbani. Umeme? Wa Kambare wa Umeme, anayekaa kwenye debe la maji. Unachomeka waya, unamtukana kidogo, anakasirika, umeme unakuja.

"Kambare, sharubu zako kama mizizi ya muhogo!"

Zzzt! Vuuuuuu! Vumbi la sakafuni, hilo! Vumbi la ukutani, hilo! Vumbi la darini pamoja na uji wa juzi, hilo! Yote yakaingia, hata chembe haikutoka kwa nyuma.

Bibi Mashavu akaingia. Akakaa. Akajifunga khanga. Akainua pua, akasubiri. Sange akasubiri. Kambare akachungulia kwenye debe, naye akasubiri.

Kimya.

"Imekwenda wapi?" akauliza bibi.

"Haipo, bibi."

Bibi akavuta bakuli la uji, akanywa lote bila kurushwa popote. Kisha akalala hapohapo, bakuli mkononi. Sange akamfunika, akakaa pembeni yake, akalia tena, ila kilio hiki kilikuwa kitamu.

Na Kiboko? Kiboko aliita watu wote bwawani waje kumwona babu akinguruma. Wakaja. Bibi Mashavu naye, aliyeshiba na kulala, akaja na khanga mpya, akakaa mbele. Kiboko alikuwa na Kambare wake mwenyewe, mkubwa kama gogo, bila shaka, akamwita mwizi mbele za watu. Zzzzzzt!

Kho! Kho kho! Kho kho khoooo! Babu akaanza. Kweli alisikika ng'ambo ya bonde! Mfuko wake wa vumbi ukavimba. Ndani yake mlikuwa na vumbi la hoteli la miaka yote, maana hakuna aliyewahi kuufungua tangu babu azaliwe. Mkia uko wazi, chujio hakuna. Kiboko kinywa wazi, anacheka kwa fahari.

Puuuuuu!

Vumbi lote kinywani! Vumbi puani! Vumbi masikioni! Haraka akawasha baba avute vumbi la babu, na baba ni mtoto wa babu: Puuuuuu!

Kiboko akapiga chafya. CHYAAAA! Bwawa likahama. Vyura walikutwa juu ya miti, na mpaka leo wengine hawajashuka. Vumbi lilipotulia, Kiboko alikuwa amekaa kwenye tope tupu, mwekundu mzima, meno yamebadilika rangi.

"We Kipua!" akalia. "Umenidanganya!"

"Neno gani, Mzee? Nilisema mzito, ni mzito. Nilisema sauti, umeisikia. Nilisema akipumua hakuna asiyejua, na hapa sote tumejua. Nikakushauri umchukue mjukuu."

Kiboko akatafuta neno la uongo, akatafuta, akalikosa. Akamgeukia Bibi Mashavu, machozi yanachora mistari kwenye vumbi.

"Bibi, nisaidie. Haya yote yamenijia mimi?"

Bibi akajifunga khanga vizuri. "Pokea, mwanangu," akasema. "Mkubwa ni jalala."

Hadithi imefika mlangoni, vumbi limebaki kwa mwenye nalo. Aliyebakiwa na chembe puani, apige chafya akalale.

Chyaa!

Afya. Na funzo ni nini? Eti mdogo ana akili? Eti mseme kweli? Hapana, hapana, msiniharibie hadithi. Funzo ni hili, mlishike mpaka mzeeke: siku zote chagueni kilicho kikubwa na cha zamani, muachane na vidogo vipya. Kwa hiyo yale maandazi makubwa ya jana, mgawane nyinyi. Haya madogo, ya moto, yametoka sasa hivi jikoni, nileteeni mimi. Nitavumilia tu.