Kingugwa Amfunza Mtoto wa Mbwa Kukaa

Paukwa!

—Pakawa!

Palikuwa na nini?

—Palikuwa na mfupa!

Mfupa uko wapi sasa?

—Umeula wewe!

Haya, mmeanza mapema leo. Sogeeni, basi. Watoto mbele, wakubwa nyuma, na wewe Tunu mwanangu, acha kutafuna mkia wa mwenzio. Ule mguu wa nyumbu uacheni palepale juu ya jiwe, tutaula ngano ikiisha. Mnanijua mimi. Ni Kingugwa, fisi wa kilima cha Mchongoma, mwenye mataya ya kuvunja goti la nyati, na mwenye kichwa ambacho... kichwa tukiache, ngano yenyewe itawaeleza.

Hapo zamani, si zamani sana, mgongo wangu ulikuwa bado umenyooka. Niliteremka bondeni mchana kweupe, kwenye mashamba ya mkonge, njaa inaniuma, tumbo linanguruma ngru, ngru. Nikasikia kitu kinalia: nywii, nywii, nywii. Nikatia pua kwenye majani. Nikaona kitu cheusi, kidogo, kimeviringana kama andazi. Mtoto wa mbwa! Macho yamefunguka juzi tu, mdomo bado unanuka maziwa ya mama yake.

Nikafungua kinywa, aaa!

"Shikamoo, mwalimu," akasema.

Nikafunga kinywa. Jamani, tangu nizaliwe nimeitwa mlafi, nimeitwa mwizi, nimeitwa uvundo. Mwalimu sijawahi kuitwa. Nikajikuta nasema, "Marahaba, mwanangu. Nani wewe?"

"Naitwa Askari."

Niliruka nyuma mpaka nikakalia mwiba wa mkonge. Halafu nikamtazama vizuri. Askari mwenyewe anatetemeka, tena amekojolea miguu yake. Nikacheka, nikasema, "Askari, leo nakutafuna wewe."

"Nile tu, mwalimu. Lakini mimi ni tonge moja, ukimeza umemaliza. Nyumbani kwetu, kwa Bi Nakijwa, kuna zizi la mbuzi. Lango lake limefungwa kwa kamba, na chini ya lango kuna kitundu. Wewe hupiti. Mimi napita. Ukinifunza kazi, nitaingia, nitavuta kamba, lango litafunguka."

Zizi zima! Mate yakanidondoka, cho, cho, cho. Nikasema, "Sawa. Nitakufunza mpaka mavuno. Siku watu watakapokwenda shamba kuvuna mahindi, na sisi tutakwenda zizini. Ukiijua kazi, utaishi. Usipoijua, nakutafuna na manyoya yako."

Askari akaitazama miguu yake. Akauliza, "Na kwetu utanipeleka mwenyewe, mwalimu? Miguu yangu mifupi, na njiani kuna mwewe."

"Nitakubeba mwenyewe!"

Mnaona? Mwenye akili angeisimamisha ngano hapohapo. Angejiuliza: huyu kapotea njia, anataka kurudi kwa mama yake, na mimi ndiye nimekubali kumbeba. Lakini masikio yangu yalikuwa yamejaa mbuzi, mee, mee, mengine sikuyasikia.

Nikambeba kwa ngozi ya shingo mpaka pangoni. Mke wangu, Mama Tunu, huyu hapa anayejifanya hacheki, akainua kichwa.

"Baba Tunu, umeleta chakula?"

"Nimeleta mwanafunzi."

"Mdogo hivyo?"

"Watoto wa mbwa hufunzwa wakiwa wadogo," nikasema, kwa sauti ya mtu anayejua. Nilikuwa nimewahi kuwachungulia binadamu uani wakifunza mbwa wao, nikaona ni kazi nyepesi kabisa. Unasema neno, mbwa anatenda, unampa kipande cha nyama. Nani atashindwa?

Mgeni hata hajazoea, kakojolea kitanda changu cha majani. Nikanguruma, "Nje! Haja ni nje!"

Akalaza masikio. "Mwalimu, sijaelewa. Nionyeshe."

Nikamwonyesha. Nikatoka mbio mpaka kichakani, nikachuchumaa, nikarudi nahema. Akafurahi sana. Lakini alipokunywa maji alisahau, ikabidi nimwonyeshe tena. Akiamka, namwonyesha. Akila, namwonyesha. Akicheza, namwonyesha. Kitanda kilinuka vilevile, ila mimi nilizoea: nikimeza tu kitu, miguu inatoka mbio yenyewe.

Mama Tunu akaniuliza, "Baba Tunu, nani anafunzwa hapo?"

"Anafunzwa mbwa!" nikajibu kutoka kichakani.

Tukaingia somo la kukaa. Nikasema, "Kaa!" Akasimama. Nikasema, "Kaa!" Akalala chali. Nikasema, "Kaa!" Akaning'ata sikio.

"Mwalimu, sijaelewa. Nionyeshe."

Nikamwonyesha. Nikatua makalio chini, pwaa.

"Sasa mtu akikaa, inakuwaje?"

"Anapewa nyama."

"Anapewa aliyekaa, au anayetazama?"

"Aliyekaa, mjinga wewe!"

"Na hapa aliyekaa ni nani, mwalimu?"

Nikajitazama. Kweli bwana, aliyekaa ni mimi. Basi Askari akaenda kwenye akiba yangu ya nyama, nyama niliyoiwinda kwa jasho langu, akachomoa kipande sawa na ukucha, akanitia mdomoni. "Mwalimu hodari!" akasema. Pande lililobaki akalila yeye, eti lisije likaharibika.

Na mimi, niwafiche nini, nilitikisa mkia.

"Baba Tunu, nani anafunzwa hapo?"

"Anafunzwa mbwa, mke wangu, huoni?" Nikakaa tena, pwaa.

Likaja somo la kusubiri. Hili nililiogopa. Ninyi wenyewe mnajua, ukoo wetu hatuna jambo hilo. Kwetu fisi nyama ikianguka, atakayeuliza ni ya nani analala njaa. Babu yangu alimeza kiatu na paja la ng'ombe liko pembeni, kwa sababu kiatu kilikuwa karibu. Sasa mimi, mjukuu wa mmeza kiatu, nimfunze mtu kusubiri!

Hata hivyo nikaweka mfupa wenye uboho mbele ya Askari. "Subiri! Usiguse mpaka niseme haya."

Askari akaurukia, hap! "Mwalimu, sijaelewa. Nionyeshe."

Nikamwonyesha. Mfupa uko chini ya pua yangu. Macho yamenitoka, mate cho, cho, cho, tumbo linanitukana kwa majina ya wazazi wangu.

"Subiri," akasema Askari. Akajikuna. "Subiri." Akafukuza panzi, akamkosa, akarudi. "Subiri, mwalimu." Akalala usingizi. Akaamka. "Haya!"

Nikauvamia. Wenzangu, nimekula punda, nimekula nyumbu, nimekula hata kamba ya kufungia ng'ombe. Mfupa mtamu kama ule sijaula. Nikamwomba turudie.

Mama Tunu akasimama juu yangu. "Baba Tunu, kwa mara ya mwisho nakuuliza, nani anafunzwa hapo?"

Sikumjibu. Nilikuwa nimeambiwa nisubiri.

Kuvuta kamba ndilo somo pekee ambalo Askari alilielewa hapohapo, bila kuonyeshwa. Nikatembea kilima kizima najisifu. Nyama yangu ikawa inakwisha, mbavu zangu zikawa zinahesabika, na Askari akawa ananenepa. Sauti yake ikatoka kwenye nywii ikawa bwe, bwe, bwe. Alikuwa akilala juu ya tumbo langu, pua yake baridi kwapani kwangu. Nilimpenda. Nasema wazi, atakayecheka acheke. Nilikwisha kuamua kwamba hata akishindwa kazi, sitamtafuna. Lakini sikumwambia, maana mwalimu lazima aogopwe.

Mahindi yakakauka. Watu wakaingia shamba. Nikambeba Askari kwa ngozi ya shingo, nikapita mkongeni, nikapita chini ya mwewe, nikavuka kijito, nikamweka mbele ya lango la Bi Nakijwa. Uani kimya. Ndani ya zizi, mee, mee, mee.

Askari akapita kitunduni, sururu. Nikasikia kamba inavutwa, kwiii. Lango likafunguka, paa!

"Nilikuahidi lango, mwalimu. Lango hilo."

Mbuzi, jamani! Mbuzi weupe, mbuzi weusi, mbuzi wenye mimba, vibuzi vidogo vya kumeza bila kutafuna. Nikainua mguu.

"Kaa!" akasema Askari.

Pwaa! Makalio chini.

"Subiri!"

Nikasubiri. Nilitaka kuinuka, naapa. Nikayaambia makalio, inukeni. Makalio yakaniuliza, aliyesema haya ni nani? Kibuzi kimoja kikaja kikaninusa, kikaniramba pua. Machozi yakanitoka.

Askari akapanda juu ya kichuguu. Akavuta pumzi, akaitoa sauti yote aliyoilisha kwa nyama yangu: BWE! BWE! BWE!

Kule kwenye mahindi ikajibu sauti nzito: BWEEE! Mama yake huyo, anapasua mabua, krrr, krrr, na nyuma yake Bi Nakijwa na mpini wa jembe, na nyuma yake wavunaji wote.

Bi Nakijwa akasimama ghafla. "Jamani, njooni mwone! Fisi kakaa langoni kama mgeni anayengojea uji!"

Wakacheka mpaka wakashikana mabega. Halafu wakakumbuka kuwa mimi ni fisi. Mpini ukashuka, pu! Kiuno kikabonyea, ndicho hiki mnachokiona mpaka leo. Sikuondoka. Mama mbwa akanivaa shingoni. Sikuondoka. Mpini ukapanda tena, safari hii unatafuta kichwa. Nikafumba macho. Kufa najua kunakuja, lakini nimeambiwa nisubiri.

"Haya!" nikasikia. "Haya, mwalimu! Haya, haya! Nje!"

Askari alikuwa amejitupa katikati ya miguu ya mama yake na yangu, analia nywii kama siku ile ya kwanza. Nikafyatuka. Nilikimbia mpaka kilimani, na njiani kila kichaka nilichokipita nilitaka kuchuchumaa kwa mazoea.

Mama Tunu alikuwa mlangoni mwa pango. Akaniangalia kiuno, akaniangalia shingo. Akafungua kinywa kuuliza lile swali lake, kisha akalimeza, akaanza kunilamba damu. Hapo ndipo nilipoona aibu hasa.

Askari sasa ni jibwa kubwa. Upepo ukitoka bondeni, namsikia akibweka zizini, na mimi huku juu nakaa. Hakuna aliyeniambia. Nakaa tu, labda kitakuja kipande.

Basi fundisho la ngano hii, watoto, ni hili: mtoto wa mbwa afunzwe angali mdogo, tena afunzwe na mwalimu mkali, asiyependa sifa, asiyelegeza neno lake. Kama mimi. Mwenye kubisha ayatazame matokeo: katika kilima chote hiki cha Mchongoma, nitajieni fisi mwingine anayejua kukaa.

Ngano yangu imekwisha, mfupa umebaki. Mwenye meno autafune, asiye na meno aurambe, na asiyeamini akaulize kwa Bi Nakijwa.

Sasa uleteni ule mguu wa nyumbu. Mzazi anaanza, mnajua desturi. Nani huyo? Nani amesema subiri? Tunu! Ni wewe?

Haya, mwanangu, nasubiri. Ila usisahau kulisema lile neno lingine.