Sumaku ya Fundi na Gari la Mjane

Wanangu, sogeeni karibu niwape habari ya mama mmoja mjane aliyekuwa akiuza gari.

Gari lilikuwa la marehemu mumewe, la zamani, lile la taa za duara na usukani mwembamba. Lilishapeleka wajawazito hospitali, likapeleka na maiti makaburini. Sasa mwaka wa kumi na moja limekaa nyuma ya jiko, kuku wanatagia kwenye kiti cha dereva. Mnunua chuma chakavu alishasema Jumamosi anakuja na shoka kulikata. Mama akawa hapati usingizi. Alitaka apatikane mtu wa kulifufua.

Ikaja habari kwamba fundi mmoja wa mjini, mpenda magari ya kale, atapita Ijumaa. Ndugu wa mumewe akamwambia, "Shemeji, akiona kutu yote hii atakukimbia. Tupake puti." Puti ni ile plasta ya magari. Wakaziba matundu, wakapaka rangi ya buluu, gari likameremeta kama bibi harusi.

Fundi akaja, akalizunguka. Akatoa kisumaku mfukoni, akakibandika mlangoni. Kikadondoka. Juu ya gurudumu, kikadondoka. Si mnajua, sumaku hushika chuma. Puti haina habari nayo.

"Mama, humu ndani kuna nini?"

"Gari zima hilo, mwanangu."

Akarudisha sumaku mfukoni, akashika njia.

Mngekuwa ninyi mngefanyaje? Mngebaki mkiilaani sumaku ya watu? Yule mama alichukua kisu cha jikoni, akaanza kukwangua ile rangi huku machozi yanamtoka. "Rudi uone, baba. Hapa pametoboka. Hapa tulifunga waya. Sakafu hii ukikanyaga unaiona ardhi. Nimekudanganya. Naogopa lile shoka la kesho."

Fundi akarudi, akapiga magoti, akachungulia tundu moja moja. Kisha akacheka. "Sasa naliona. Mama, mimi nilitoka kwangu kutafuta gari bovu. Mazima yamejaa mjini."

Jioni ile ile likapandishwa kwenye lori.

Haya, na sisi? Tunaingia humu kanisani Jumapili tumepakwa vizuri, ukituuliza hali tunajibu, "Salama, Bwana asifiwe." Nani hapa akibandikwa sumaku haitadondoka? Mimi nilimwekea dada yangu kinyongo miaka na miaka, nikawa nakipaka rangi kwa nyimbo. Siku nilipokikwangua mbele za Mungu nilijiandaa kufukuzwa. Sikufukuzwa, wanangu. Kutu yangu haijaisha hadi leo, lakini nimeshachukuliwa, niko mikononi mwake.

Kwa hiyo mkinisikia naimba na hii sauti yangu ya kukwaruza, mnivumilie. Nashukuru. Aliyekuja kwangu alijua anatafuta nini.