Kilichoichelewesha Boti ya Sultani

Palikuwa na Sultani mmoja, Mwinyimvua wa Kingio, asiyetanguliwa na kiumbe ila tumbo lake mwenyewe. Alikuwa na boti ya ajabu, haina kasia wala rafadha: hufyonza maji ya mto kwa chini, ikayatema kwa nyuma, ikaruka. Iliruka, naam, siku ilipoletwa. Kisha Sultani akaweka kiti chake omoni, mbele kabisa, kwani mila ya Kingio haimruhusu mtu kukaa mbele ya Sultani. Tangu hapo boti ikawa inafukua maji kama nguruwe afukuavyo mihogo.

Akaitwa Mize, mjane mhunzi, mwenye ulimi mkali kuliko tupa zake. Mize akajilaza chini ya boti kutwa. Bamba la chuma la nyuma, liinualo pua au kuiinamisha, akalipandisha, akalishusha. Wavu wa mdomo wa kufyonzea maji akaunyoosha. Boti ikashushwa mtoni, Sultani akapanda, pua ikazama.

"Mhunzi, umefanya nini?"

"Nimerekebisha kila kilicho chini ya boti, Mtukufu."

"Na bado inatambaa."

"Inatambaa kwa adabu. Imebeba heshima nzito."

"Kesho ikitambaa, nitakufunga bamba hilo shingoni nikutose."

"Kwa kosa gani?"

"Kuichelewesha boti yangu."

Mize akahisi shingo yake imekwisha kupimwa. Akaona na upenyo.

"Basi hukumu ndiyo hiyo: kinachoichelewesha boti kitoswe?"

"Kitoswe."

"Hata kikiwa mtu?"

Sultani akacheka hadi kiti kikalia. "Hasa kikiwa mtu."

"Watu wa Kingio hawasadiki neno lisilo na ngoma, Mtukufu."

"Ipigwe."

Ngoma kuu ikapigwa, mji mzima ukasikia. Na huko Kingio, neno lililopigiwa ngoma halirudi. Babaye Sultani aliwahi kuapa kwa mzaha kwamba atakula kilemba chake. Ngoma ikalia, akakila kwa mchuzi.

Kesho yake watu wakajaa gatini, Sultani amekwisha kukaa kitini botini, Mize kando yake.

"Mtukufu, leo shuka uitazame."

"Niiache boti yangu?"

"Mtu haoni uzuri wa farasi aliyempanda."

Sultani, mpenda sifa, akashuka. Mize akaiwasha. Boti ikainua pua, ikaruka juu ya maji, ikazunguka kisiwa cha kati, ikarudi kabla Sultani hajafumba kinywa.

"Umerekebisha nini?"

"Sikugusa hata parafujo."

"Bamba?"

"Lipo palepale."

"Kiti changu?"

"Kipo omoni, kitupu. Nimeondoa tu kilichoichelewesha."

"Basi kitoswe, kama nilivyosema. Kiko wapi?"

Mize akawatazama wapiga ngoma, nao wakainamisha macho.

"Kimesimama gatini, kimevaa joho. Neno ni lako na ngoma imelia, sina la kuongeza. Nauliza tu, Mtukufu: unajua kuogelea?"