Mlango Usio na Nyumba

Hapo zamani za kale, wanangu, wanyama walipochoka kutangatanga porini, walijijengea mji. Wakawa na vibaraza, majiko na mapazia milangoni, na katikati ya mji wakachimba kisima kimoja. Sogeeni karibu niwaambie yaliyotokea kisimani hapo.

Mjini humo aliishi pimbi mdogo, Bi Somoe, mjane mwenye watoto watatu. Kiangazi kile midomo ya watoto wake ilikuwa imepasuka kwa kiu. Kila alfajiri Bi Somoe alipanga ndoo yake kwenye foleni pamoja na wanyama wengine wadogo. Na kila alfajiri ardhi ilitikisika: tii! tii! tii!

"Pisheni, pisheni!" Alikuwa Mzee Tembo, akizisukuma ndoo kwa mkonga wake. Karakacha!

"Shikamoo, Mzee Tembo," alisema Bi Somoe. "Lakini sisi ndio tuliotangulia."

"Marahaba, binti yangu. Tatizo lako huujui mji. Mji ni kama mwili. Kila kiungo kina kazi yake, na kikikaa mahali pake mwili unakuwa na afya. Mimi ni tumbo. Tumbo likijaa, viungo vyote vinapata nguvu."

"Na mimi je?"

"Wewe ni ukucha. Umewahi kusikia ukucha una kiu?"

Akachovya mkonga. Gubu, gubu, gubu!

Mara akatokea Bwana Nyati, pembe mbele. "Mwili gani! Acha kuwadanganya wenzio, Mzee. Mji ni mvutano. Walio nacho wanavuta huku, wasio nacho wanavuta kule, na mwenye nguvu ndiye anayekunywa. Wadogo hawa wanaonewa, nami naliona hilo wazi kabisa!"

Bi Somoe akafurahi. "Ahsante, Bwana Nyati! Basi tusaidie."

"Nimekueleza mji ulivyo," alisema Nyati akiinamisha kichwa majini. "Sikusema nitakuachia maji."

Basi wakabishana pale pale. "Mwili!" "Mvutano!" "Mwili, nakwambia!" Na kila mmoja alipopumzika kusema, alikunywa. Walipoondoka, kisimani palibaki tope.

Bi Somoe alirudi nyumbani na ndoo tupu, akawaza sana. Mzee Tembo hakukosea kabisa, maana kila mnyama mjini alimtegemea mwenzake. Nyati naye hakukosea, maana kuvutana kulikuwepo kweli. Lakini maneno yao yote hayakuwapa wanawe hata kata moja ya maji. Na kesho wasipokunywa, je?

Jioni, akiwa kibarazani, alimwona Mzee Tembo akienda kwa Nyati kuendeleza ubishi. Mlango wa Nyati ulikuwa na pazia jepesi tu. Tembo angelipuliza, puu, lingeruka hadi uani. Lakini alisimama nje, akatulia kama mkwe aliyekuja ukweni.

"Hodi! Hodi wenyewe!"

Akangoja. Akangoja tena. Aliposikia "Karibu!" ndipo akaingia.

"Ala!" Bi Somoe alicheka mwenyewe. "Huyu na ukubwa wake wote hazuiwi na kitambaa. Anazuiwa na vile sisi sote tunavyolichukulia pazia!"

Kabla hakujapambazuka alichukua fito mbili na pazia la mlango wake, akavisimika mbele ya kisima. Kobe alipofika na ndoo yake, alicheka hadi gamba likagonga.

"Mama wee! Mlango bila nyumba? Kiu imekupanda kichwani?"

"Cheka baadaye, ndugu yangu. Sasa piga hodi."

"Nimpigie nani?"

"Nipigie mimi. Tukipiga hodi sote, mlango utakuwa mlango."

Kobe akapiga hodi, akakaribishwa. Digidigi akapiga hodi. Kicheche naye akapiga. Wakaingia mmoja mmoja, wakachota kwa utulivu.

Tii! tii! tii! Mzee Tembo akaja. Akaliona pazia, akamsikia Kicheche akisema "Ahsante kwa kunikaribisha," akasimama ghafla.

"Hodi!"

"Nani mwenzangu?" aliuliza Bi Somoe kutoka ndani. "Subiri kidogo, Mzee, tupo akina mama."

"Oo! Samahani, samahani." Tembo akageuza uso kwa adabu.

Nyati alipofika, macho yalimtoka. "Mzee! Unangoja nini? Hapa hapana ukuta! Naona ndoo, naona maji, namwona hata Bi Somoe mwenyewe!"

"Basi pita," alisema Tembo bila kugeuka.

Nyati akazunguka kando, akainua kwato. Ndoo ya Bi Somoe ilikuwa haijafika hata nusu. Lakini hakukimbia. Alimtazama Nyati usoni kama mwenye nyumba anavyomtazama mtu aliyeingia chumbani bila ruhusa.

"Jamani!" alipiga kelele Kobe. "Bwana Nyati anaingia kwa mama wa watu bila hodi!"

"Aibu!" alisema Digidigi.

"Mtu mzima hivyo!" alisema Kicheche.

Kwato ikabaki hewani. Masikio ya Nyati yakawaka moto. Polepole akaishusha, akarudi mbele ya pazia, akasimama nyuma ya Tembo.

"Hodi," alisema kwa sauti ndogo.

Bi Somoe akaijaza ndoo yake hadi juu. Akawaita wanawe, wakanywa, wakanywa tena, matumbo yakawa ngoma. Wadogo wote walipokwisha kuchota, akalivuta pazia.

"Karibuni, wageni wangu. Maji yapo."

Tembo na Nyati wakapiga magoti, wakainamisha vichwa, wakajipenyeza kwenye mlango wa pimbi, huku uwanja mzima ukiwa wazi kulia na kushoto.

Na funzo lake, wanangu, ni hili: anayetaka kuuelewa mji asitazame tu nani ana kazi gani na nani ana nguvu gani, atazame pia mambo ambayo watu wamekubaliana kuyaheshimu.