Mgeni wa Mvua Haulizwi Jina

"Nije?"

"Njoo, tumekaa!"

"Nije na nini?"

"Njoo na ya kale!"

Haya. Hapo kale, kale ile ambayo bahari ilikuwa bado inajifunza kupwa na kujaa, palikuwa na mji wa pwani ukiitwa Kichangani. Wewe, ondoa mguu kwenye mkeka wangu! Hata sijaanza umeshanikanyaga, nikifika katikati si utanimeza?

Basi. Siku moja wakateremka kutoka milimani mtu na mkewe. Mume akiitwa Shemdoe, mke Mwantumu. Hawakuja kuuza, hawakuja kununua. Walikuja kutembea tu, siku saba, maana huko kwao mtu akivuna mavuno ya kwanza ya ndoa yake humpeleka mkewe anakotaka. Shemdoe alimwuliza, "Nikupeleke wapi, mke wangu?" Mwantumu akasema, "Pwani." Akaulizwa tena, akasema, "Pwani." Mara ya tatu akalia.

Kwa nini alilia? Kwa sababu Mwantumu alizaliwa Kichangani. Baba yake alipokufa, ndugu wa baba walikuja wakamchukua wakampeleka milimani, naye hana hata miaka mitano. Mama akabaki. Mtoto mdogo anamjua mama yake kwa jina gani? "Mama," basi! Sura ilimtoka, jina hakuwa nalo, mtaa hakuujua. Alibakiwa na kitu kimoja tu. Siku za mvua mama yake alikuwa akichoma kokwa za fenesi kwenye majivu, anaikata kokwa kwa meno katikati, kisha anamwambia, "Nusu yako, nusu yangu." Hicho tu. Na moyo wake wote ulikuwa hapo.

Siku sita wakatembea juani. Wakauliza, "Mnamjua mama aliyechukuliwa mtoto?" Watu wakacheka kwa huruma: "Mama yupi, mwanangu? Waliochukuliwa watoto ni wengi." Siku ya saba, siku ya kuondoka, ikanyesha mvua. Si manyunyu, mvua!

Shemdoe akasema, "Mvua gani hii, mke wangu? Hata mvua yenu ina chumvi!"

"Hilo ni jasho lako, bwana. Kimbia!"

Wakakimbia, wakajibanza barazani kwa mpika halwa. Ikapungua, wakakimbia. Ikazidi, wakajibanza kwa mshona kofia. Ikapungua, wakakimbia. Wakacheka njia nzima kama watoto, wamelowa chapachapa, na kila kikongwe waliyempita Mwantumu anamgeukia. Anamtazama, anamwacha. Anamtazama, anamwacha. Mpaka wakafika kwenye baraza moja nyembamba, mlango umepauka, na ndani kikongwe peke yake.

"Karibuni, wageni wa mvua," akasema. "Kaeni."

Sasa sikilizeni desturi ya mji ule. Atakayekutwa na mvua atakaa baraza yoyote, na mwenye nyumba atampa kahawa. Lakini kabla mvua haijakatika, mgeni haulizwi jina wala kwao, na yeye hasemi wala haulizi. Wazee waliweka hivyo kwa sababu zamani watu walikuwa na visasi. Ukijua jina la mgeni, huenda ukamfukuzia mvuani. Usipolijua, hata mwana wa adui yako atakaa pakavu. Desturi nzuri, siipingi. Ngojeni.

Kikongwe akaleta kahawa. Akamtazama Mwantumu, akamtazama tena. Shemdoe, mtu wa milimani, akafungua mdomo: "Bibi, hivi wewe..."

Mwantumu akamfinya. "Nyamaza! Usinitie aibu. Mgeni wa mvua haulizi."

Unajua kwa nini alimfinya? Siku sita watu wa mji walikuwa wakimwita mtu wa bara, mtoto wa mlimani. Alitaka kuwaonyesha kwamba na yeye ni wa pwani, adabu za pwani anazijua. Ah, Mwantumu! Adabu yako ilikuponza.

Wakakaa. Mvua inanyesha. Kikongwe akaingia ndani, akakaa jikoni muda mrefu. Mvua inanyesha. Mara wakasikia baragumu la mvushaji kule mtoni, kwenye njia ya kurudi milimani. Mto unajaa, mtumbwi wa mwisho, asiyevuka sasa atalala huku siku tatu. Wakainuka. Kikongwe akatoka mbio na kifurushi cha jani la mgomba, akakitia mikononi mwa Mwantumu.

"Fungua," akasema.

Shemdoe akanong'ona, "Kwetu zawadi haifunguliwi mbele ya mtoaji. Ni ulafi." Na kweli, Mwantumu alilelewa milimani, na za milimani pia anazijua.

Akasema, "Asante, Bibi. Nitafungua njiani."

"Fungua, mwanangu."

"Nitafungua njiani, Bibi. Usiwe na wasiwasi."

Wakaenda. Kikongwe akabaki amesimama kwenye mvua.

Wakavuka. Ng'ambo, chini ya banda la majani, Mwantumu akafungua lile jani. Kokwa za fenesi, za moto bado. Na zote, zote jamani, zimekatwa nusu kwa meno!

Yule mama hakuuliza kwa mdomo, desturi ilimkataza. Aliuliza kwa kokwa.

Mwantumu akapiga kelele, "Mama!" Akataka kujitupa mtoni, mume akamkumbatia kiunoni. Mto umefura, unabeba magogo. Siku ya kwanza wakangoja. Siku ya pili wakangoja. Siku ya tatu maji yakashuka, wakavuka, wakakimbia mpaka kwenye ule mlango uliopauka. Umefungwa.

Jirani akatoka. "Mnamtaka Bi Mwanakheri? Juzi mvua ilipokatika tu, alijitanda kanga akatoka. Nikamwuliza, wapi na uzee huo? Akasema, 'Nimeuliza sikujibiwa. Naenda kuuliza kwa mdomo.' Amepanda kuvukia kivuko cha juu."

Wakamfuata. Kijiji cha kwanza, "Amepita jana." Kijiji cha pili, "Amepita asubuhi." Kijiji cha tatu njia inagawanyika mara tatu, na mvua ilikuwa imefuta nyayo. Wakaita njia ya kwanza, wakaita ya pili, wakaita ya tatu. Hapakuitika mtu. Hawakumwona tena, si mwaka ule, si mwaka mwingine.

Mnanitazama nini? Mnasema Bibi analia? Ni moshi.

Mwantumu akarudi milimani na mimba ya miezi minne, akazaa mtoto wa kike. Kila mvua iliponyesha aliacha mlango wazi, akachoma kokwa, akazikata nusu, akala za kwake, na nusu nyingine akaziweka kizingitini. Yule mtoto alikatazwa kuzigusa. Hata njaa ilipomuuma hakuzigusa, nami najua kwa sababu yule mtoto ni mimi.

Sasa ninyi mnaonea haya bibi yenu. Mgeni hajakaa, hajavua viatu, nimeshamwuliza: wewe nani, mtoto wa nani, mama yako nani? Mnasema, Bibi hana adabu. Sawa, sina. Adabu ni njema, wajukuu zangu, lakini swali la moyo usiliweke mpaka mvua ikatike, maana mto haungoji.

Hadithi yangu imekatika, aliyelowa ajianike.

Nani huyo anabisha na mvua hii? Mpeni kiti. Lakini kwanza mwulizeni jina.