Maiti Anayecheka

Paukwa!

— Pakawa!

Pakawa nyumba, ndani ya nyumba mkeka, juu ya mkeka maiti anayecheka. Na ninyi mnacheka? Haya, chekeni sasa. Mbele hapachekeki.

Hapo kale palikuwa na msuka mikeka, jina lake Mwanatumu. Alimpenda mumewe, Vuai, mapenzi yale ya kumwekea mtu mnofu na mwenyewe ukala mchuzi. Vuai naye alipenda kitu kimoja: kuwachekesha wenzake barazani.

"Mke ni ngoma," akiwaambia. "Usipoipiga, hujui mlio."

Siku ya kwanza akaaga, "Nasafiri." Hakusafiri. Alijificha kwa jirani siku tatu, anachungulia kama mkewe ataingiza mwanamume. Mwanatumu alifunga mlango, akasuka ukili wake. Vuai akatoka anacheka, na baraza nzima ikacheka.

"Mume wangu, nimekosa nini?"

"Hujakosa kitu. Nakutania tu."

Siku ya pili akamtuma rafiki yake, Ngwali, na halua na maneno matamu. Mwanatumu akawamwagia kuku halua, akamfukuza Ngwali kwa ufagio. Vuai akatokea nyuma ya ua, anacheka.

"Mume wangu, nimekosa nini?"

"Hujakosa kitu. Nakutania tu."

Siku ya tatu (wewe unayecheka huko nyuma, nyamaza!), siku ya tatu, asubuhi kweupe, Ngwali akapita mtaani anapiga kelele: "Vuai kafa! Vuai kafa!"

Watu wakajaa. Mwanatumu alikuwa kamtandikia mumewe mkeka aliousuka mwaka mzima, akamfunika. Akavua vipuli masikioni. Akafumua nywele. Wanawake wakamvika nguo nyeupe za eda. Akalia, jamani, akalia mpaka sauti ikamkauka. "Si ungenichukua na mimi, Vuai!"

Mkeka ukatikisika. Vuai akaketi, anacheka mbavu hana. "Mmeusikia mlio?"

Wakacheka wote. Hata shangazi yake Mwanatumu alicheka, kaziba mdomo kwa kanga. Hilo mimi sisamehe mpaka leo.

Mwanatumu hakuuliza amekosa nini. Hakuzivua nguo nyeupe. Alikwenda kwa mama yake, akaingia chumbani, akasema, "Nimefiwa. Nakaa eda."

Vuai akaja anacheka. "Mke wangu, toka." Mama mtu akamjibu mlangoni, "Mwenye eda haonani na wanaume." Akaja tena, na halua. Jibu lile lile. Akakimbilia kwa wazee.

"Ulijitangazia kifo, tukaja kukuzika," wazee wakamwambia. "Mzaha mzaha, hutumbuka usaha. Wa kukufufua ni yule uliyemliza."

Miezi minne na siku kumi ikatimia. Vuai akaja mara ya tatu, analia, na machozi ya kweli safari hii. Mwanatumu akafungua mlango. Amekonda, masikio matupu.

"Mke wangu, nimekosa nini?"

Akamtazama sana. Alikuwa bado anampenda, na hilo ndilo lililomwuma kuliko yote.

"Hujakosa kitu," akasema. "Umekufa tu."

Akampita, akaenda kukata ukindu wa kusukia mikeka.

Ngano yangu imefika kizingitini, haiingii ndani. Iliyemchekesha, aniachie hapa hapa. Iliyemwuma, aende nayo kwake.